MAJI YA PAA LA GHALA

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Sisi wa Chama cha Msingi tumepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo moja lenye manufaa kwa mkulima, nasi tumechagua maji. Hatukuchagua bei ya alizeti wala ya zabibu, maana wasemaji waliotutangulia wamekwisha kuyaeleza hayo vizuri kuliko tuwezavyo. Tumechagua maji yanayoanguka juu ya mapaa yetu kisha yakaenda zake. Na hasa maji ya paa moja, nalo ni paa la ghala. Tuna hoja ya kuleta mbele yenu juu ya ziada ya mwaka huu, na twajua kwamba hoja hiyo haiwapendezi wote waliomo humu. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie, tuanze na mvua yenyewe ndipo tufike kwenye fedha.

Nchi yetu hii ya Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba, hukoma katika Aprili, na katika mwaka wa wastani mvua yote kwa jumla hupata milimita 550 hadi 600. Toka Mei hata Novemba ni jua na vumbi. Mgeni akipita mwezi wa Septemba, akaona akina mama wamejipanga korongoni wakichimba mchanga kwa bakuli, hudhani kwamba hii ni nchi isiyojua mvua. Lakini mvua twaipata, ila huja kwa haraka kama mtu anayedaiwa: saa moja ya ngurumo, maji mpaka vifundoni, halafu jua. Wazee husema chururu si ndo, ndo, ndo. Nayo mvua yetu ni chururu. Maji yale huteremka makorongoni, huingia katika mto Kinyasungwe, hushuka mpaka upande wa Kilosa, na huko mara nyingi yamebomoa Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa. Katika Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliivunja njia hiyo vibaya, hata safari za treni zikakatika kwa muda mrefu. Basi tazameni ajabu yake: nchi isiyokuwa na maji ya kunywa mwezi wa Septemba, mwezi wa Januari hupeleka maji ya kuvunja reli.

Babu zetu hawakuyakinga maji hayo kwa mapaa, wala si kwa uvivu. Nyumba yao ilikuwa tembe, na paa la tembe ni bapa, la miti iliyosakafiwa kwa udongo. Paa hilo lilikuwa jema kwa mambo mengine: nyumba ilikuwa na ubaridi mchana, na juu yake palianikwa nafaka. Lakini maji yatokayo juu ya udongo ni tope, na mtu mwenye akili hakingi tope. Ndiyo maana walifuata maji ya mchangani, ambayo mto wenyewe ulikuwa umekwisha kuyachuja. Kisha likaja bati. Katika vijiji vyetu leo nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, na bati ni paa la namna nyingine kabisa, maana maji yake ni safi na hayanywewi na udongo hata tone. Twaona kwamba tulibadili paa lakini hatukubadili desturi. Tumelihesabu bati kuwa mwavuli tu, nalo ni mwavuli na kisima pamoja.

Wala jambo hili si geni katika Afrika yetu. Katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lipo birika lililojengwa kwa kuweka maji ya mvua, kwa kuwa askari waliozingirwa hawawezi kutoka kwenda kisimani. Huko Kordofan, katika nchi ya Sudan, watu walikuwa wakitoboa mibuyu mikubwa, wakaichimba ndani, na kuijaza maji ya mvua ili wayatumie wakati wa kiangazi; sisi tuliojaliwa mibuyu mingi kuliko majirani zetu hatukupata kuitumia hivyo. Siku hizi maofisa hupenda kusema kuvuna maji ya mvua. Sisi twapendelea neno la zamani, kukinga, maana avunaye sharti awe amepanda kwanza, nasi mvua hatukuipanda.

Sasa twaja kwenye hesabu, na hesabu yake ni nyepesi kuliko ile ya mizani yetu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, huwa lita moja ya maji. Basi, hakuna la zaidi. Pima urefu na upana wa nyumba hapo chini, mpaka pale upenu unapoishia. Usipande juu kupima mteremko wa bati, kwa kuwa mvua haiangalii mteremko. Nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina mita za mraba 48. Kwa mvua ya milimita 550, paa hilo hupokea lita 26,400 kwa mwaka. Tuondoe sehemu moja katika tano, kwa sababu ya maji yanayoruka nje na yale yanayokaushwa na joto la bati; yabaki lita 21,120. Kwa debe la lita 20, hayo ni madebe 1,056. Mama mwenye kuchota madebe matatu kila siku huyachota madebe hayo kwa muda wa karibu mwaka mzima, naye huyatoa mbali, na hali yalipita juu ya kichwa chake akiwa amelala.

Lakini tusidanganyane. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, watataka zaidi ya lita 25,000 toka Mei mpaka mwisho wa Novemba, na paa lile halina maji hayo yote. Tena tangi la kiasi hicho ni kubwa, na wachache kati yetu waweza kulijenga. Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba tangi la nyumbani litaondoa kisima. Twasema liwe la maji ya kunywa na kupikia tu, na ya kufulia yaendelee kutoka yanakotoka leo. Watu sita, kila mmoja lita 5 kwa siku, ni lita 30. Kwa siku 214 za kiangazi ni lita 6,420. Tangi la lita 7,000 latosha. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalioni: tangi la kiasi hicho hujaa hata mwaka wa ukame. Mvua ikipungua ikawa nusu, paa lile litatoa lita 10,560, na tangi litajaa likafurika. Au mvua ikiwa ya wastani, na mwenye nyumba ana uwezo wa kutia michirizi upande mmoja tu wa paa, tangi litajaa vile vile. Mkulima anayejenga tangi kubwa mno huona nusu yake tupu kila mwaka, akasema mvua imemdanganya, na mvua haikumwahidi kitu.

Wenzetu wa Brazil wamekwisha kulipitia hili. Upande wa kaskazini-mashariki wa nchi hiyo una ukame unaofanana sana na wetu, na watu wake kwa miaka mingi walikuwa wakihama au wakingojea magari ya maji ya wakubwa. Mwashi mmoja wa jimbo la Sergipe, aliyekwenda São Paulo kufanya kazi ya kujenga mabwawa ya kuogelea, aliporudi kwao alianza kujenga matangi ya duara kwa vibao vya saruji alivyovifinyanga yeye mwenyewe, kwa kuiga kazi ile ya mabwawa ya matajiri. Twampenda mtu huyu bila ya kumwona. Kutokana na namna yake ya kujenga, vyama vya wananchi huko vilianzisha mwaka 2003 mpango wa matangi milioni moja. Kila tangi huchukua lita 16,000, nalo limekadiriwa kwa watu watano kunywa na kupika kwa muda wa hata miezi minane bila mvua. Idadi ile ya milioni imekwisha kupita. Wala matangi hayakushuka kutoka Serikalini kama mvua. Fedha nyingi zilitoka Serikalini, ni kweli, lakini jamaa walichimba mashimo wenyewe, na waashi walifundishwa palepale kijijini.

Mfano wa karibu zaidi twaupata Kenya. Katika miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa sehemu za kati za nchi hiyo walijiunga katika vikundi vilivyojulikana kwa jina la mabati. Kila mmoja alitoa fedha kidogo, na kwa zamu waliezeka nyumba ya mmoja wao kwa bati, kisha ya mwingine, mpaka zamu zikaisha. Walitaka paa lisilovuja, nao walitaka maji yake. Hawakungoja mtu. Sisi tulio na daftari, mizani, muhuri na mkaguzi wa hesabu, twashindwa na nini?

Turudi sasa ghalani. Ghala letu lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 12. Ni mita za mraba 360. Kwa hesabu ile ile, mvua ya wastani hutupa lita 158,400 kwa mwaka, yaani madebe 7,920. Katika miaka kumi tunayoisherehekea leo, paa hilo moja limemwaga zaidi ya lita milioni moja na nusu. Nalo ni moja tu. Chama Kikuu chetu kina maghala mengine, na katika kila kijijini penye ghala hakuna paa kubwa kulishinda, isipokuwa huenda shule au kanisa.

Maji hayo hayakupotea bure tu; yamefanya na kazi ya uharibifu. Ghala lilijengwa bila michirizi. Mvua imechimba handaki chini ya upenu, imefunua mawe ya msingi upande wa magharibi, na msimu uliopita unyevu ulipanda ukutani hata magunia ya safu ya chini yakaota ukungu. Wanachama wanajua kwamba gunia lenye ukungu halipandi daraja mnadani. Lakini lipo lililo zito kuliko bei. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka iliyoingiwa na sumukuvu, na sumukuvu hupenda nafaka iliyokaa penye unyevu. Tunapopokea mzigo wa mwanachama na kumwandikia stakabadhi ya ghala, tumemwahidi kuuweka mahali pakavu. Kwa hiyo hata kama asingekuwapo mtu mwenye kiu katika kijiji kizima, ghala lingetaka michirizi.

Michirizi hiyo, ambayo mafundi huiita gata, ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Watu hununua tangi zuri, wakalizungushia ukuta, wakalipaka rangi, kisha wakalipelekea maji kwa kipande cha bati kilichofungwa kwa kamba. Gata linataka mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, kuelekea kwenye bomba la kuteremshia. Likilala sawasawa, maji husimama, majani huoza, na mbu huzaa. Linataka vishikizo vya karibu karibu, maana likijaa maji ni zito. Na kwa kuwa mvua yetu ni ya nguvu, maji huruka mbele ya gata na kuanguka chini. Dawa yake ni ubapa mwembamba wa bati uliokunjwa na kupigiliwa kwenye ukingo wa paa, ukining'inia ndani ya gata, ili maji yaupige na kuanguka panapotakiwa. Mafundi wa Ukambani katika Kenya hufanya hivyo, nasi tumejaribu katika nyumba ya ofisi yetu, tukaridhika.

Tangi la plastiki huuzwa madukani, ni jepesi na halina kazi nyingi, ila libaki kivulini na likalishwe juu ya msingi imara. Kwa ghala twapendekeza tangi la saruji iliyotiwa nondo na wavu wa waya, lililojengwa mahali penyewe. Tangi la namna hiyo lina adui mmoja mkubwa, nayo ni haraka. Chama kimoja jirani zetu kilijengewa tangi na mkandarasi aliyetaka kwenda kwenye kazi nyingine. Alimaliza lipu leo, kesho akaondoka, wala hapakuwa na mtu wa kulimwagilia. Saruji isiyonyweshwa maji kwa siku kumi na nne hivi hukauka kabla ya kukomaa, na tangi lile lilipasuka kabla halijamaliza mwaka. Mkandarasi alikuwa amekwisha kulipwa fedha zote. Kwa sababu hiyo tumeandika katika mapendekezo yetu kwamba fundi asilipwe sehemu ya mwisho ya ujira wake mpaka tangi limekaa na maji msimu mmoja mzima bila kuvuja. Baadhi ya mafundi wamenung'unika. Fundi mwema hakunung'unika.

Tena tangi la saruji lisiachwe likauke kabisa; yabakizwe maji kidogo chini, ama sivyo jua litalipasua. Lisijengwe karibu na mti mkubwa, kwa sababu ya mizizi. Bomba la kuchotea liwe juu kiasi cha kuingiza ndoo chini yake, na chini ya ndoo pawe na sakafu na njia ya maji, pasigeuke dimbwi la nguruwe.

Kuhusu afya, tumeulizwa mara nyingi kama maji ya bati yanafaa kunywewa. Yanafaa, yakitunzwa. Maji yanapotoka mawinguni hayana chumvi, wala hayana ile madini ya floridi inayopatikana katika visima vya sehemu za Singida, Manyara na Arusha na kuyatia meno ya watoto rangi ya udongo. Visima vyetu virefu vingi ni vya chumvi, na kila mtu aliyepika maharage kwa maji hayo anajua kuni ngapi huteketea. Uchafu wa maji ya paa huingia juu ya paa penyewe: vumbi la miezi saba, mavi ya ndege, mijusi. Kwa hiyo maji ya kwanza yasiingie tangini. Mvua ya kwanza ya msimu ioshe paa na imwagwe yote. Na baadaye, kila mvua inayokuja baada ya siku nyingi za jua, madebe mawili ya mwanzo yageuziwe kando kwa nyumba kama ile tuliyoihesabu, na ghala kwa kadiri ya ukubwa wake. Mdomo wa tangi ufungwe wavu, na tangi lifunikwe lisipate mwanga, kwa kuwa penye mwanga ndipo ukijani huota. Wavu si pambo. Mbu aletaye homa ya dengu huzaa katika maji masafi ya vyombo vya nyumbani, na wenyeji wa Dar es Salaam waliyaona madhara yake mwaka 2014 na tena 2019. Siku ya kupiga dawa shambani, bomba la kuteremshia lifunguliwe kando mpaka mvua imeosha paa. Na maji ya watoto wadogo na wagonjwa yachemshwe, au yatiwe klorini. Tungeongeza kwamba paa la asibesto, kama lipo katika ghala lolote la zamani, lisisuguliwe wala kukatwa na mtu asiyejua kazi hiyo, maana vumbi lake huharibu mapafu; huko yafaa kubadili paa kwanza.

Haya ndiyo maelezo. Sasa ndiyo fedha. Hoja yetu ni kwamba theluthi moja ya ziada ya mwaka huu isigawanywe kuwa malipo ya pili, bali itumike kutia michirizi na kujenga matangi ya lita 100,000 katika maghala, tukianza na yale ambayo misingi yake imeharibika.

Tumesikia yanayosemwa nje ya ukumbi huu. Wako wanaosema kwamba mkulima amengoja malipo ya pili tangu mwezi wa Juni, ana ada za shule, na tangi haliliki. Ni kweli, wala hatuwezi kuwajibu kwa maneno matamu. Malipo ya pili yatakuwa madogo zaidi mwaka huu, na kila mtu ajue hivyo kabla hajanyosha mkono. Wako wengine, na hawa ndio tunaowaogopa zaidi kwa kuwa wana haki, wanaosema kwamba maji ya ghala yatawafaa wanaokaa karibu na ghala. Mwanachama aliye mbali kilomita sita ameleta alizeti yake kama wengine, ziada ni yake kama wengine, lakini hatatembea kilomita sita kwa debe moja. Mwanachama mmoja mzee alituambia katika mkutano wa kijiji, "Mnataka kunikata fedha yangu mkamnyweshe jirani wa ghala." Tulikaa na neno hilo wiki nzima katika Halmashauri yetu.

Tulipolitazama, tuliona kwamba hata wa karibu hawatashibishwa. Lita 100,000 ni madebe 5,000. Bomba likifungwa mpaka Agosti, kisha likafunguliwa kwa miezi minne migumu, ni madebe 40 kwa siku. Chama chenye mamia ya wanachama hakiwezi kuwagawia watu wote madebe 40, na kugawa kwa upendeleo ni njia ya haraka ya kuua ushirika. Kwa hiyo twapendekeza hivi. Kila siku madebe manne ya kwanza yapelekwe zahanati bila malipo, kwa ajili ya akina mama wanaojifungua, maana leo ndugu zao hutakiwa kwenda na ndoo ya maji pamoja na mgonjwa. Madebe 36 yanayobaki yauzwe, kwa mwanachama na asiyekuwa mwanachama, kwa bei itakayopangwa na Mkutano Mkuu, nayo iwe chini ya bei ya wenye mikokoteni ya punda. Fedha hizo zisiingie katika matumizi ya ofisi, hata kwa kuazimwa. Ziandikwe katika daftari lake peke yake, uitwe Mfuko wa Matangi, na kila mwaka kabla ya mvua zijenge matangi ya lita 7,000 katika nyumba za wanachama, kwa kura, kura ya kwanza ikiwa ni ya wale wanaokaa mbali na ghala kupita kilomita tatu. Kwa njia hiyo yule mzee wa kilomita sita hatakunywa maji ya ghala. Lakini maji ya ghala yatamjengea tangi.

Atakayepata tangi atarudisha nusu ya gharama yake kwa misimu mitatu. Hapa twajua neno linalokuja midomoni mwenu, nalo ni makato. Wanachama wamechoka na makato, nasi tumekaa mbele ya meza ya malipo kiasi cha kutosha kuziona nyuso zao wanapoisoma hati. Kwa hiyo hakuna atakayekatwa bila kutia sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, kiasi kitaandikwa wazi katika hati yake, na msimu ambao mvua imeshindwa na mavuno hayakupatikana, kato lisogezwe mbele bila riba. Mfuko utakwenda polepole kwa sababu hiyo. Twaona ni afadhali uende polepole kuliko uogopwe.

Bodi imetuuliza ni nani atakayeshika ufunguo wa bomba. Twapendekeza akina mama watatu, waliochaguliwa na mkutano wa wanachama, wawe na ufunguo na daftari la madebe. Katibu na Mtunza Hazina wakague daftari kila Jumamosi, lakini wasishike ufunguo. Waliozoea kungoja kisimani wanaijua foleni kuliko sisi, na ni vigumu kuwadanganya juu ya ujazo wa debe.

Hoja itapigiwa kura alasiri hii, baada ya chakula. Ikipita, tangi la ghala letu litaanza kuchimbiwa msingi mwezi wa Septemba, ili saruji ipate kunyweshwa na kukomaa kabla mvua haijaanza. Ikiwa haikupita, bado tutatia michirizi kwa fedha ya matengenezo ya ghala, kwa kuwa msingi hauwezi kungoja mwaka mwingine, na maji yatageuziwa shambani mbali na ukuta. Kwa vyovyote vile, wanachama wanaotaka kuingia katika kura ya matangi ya nyumbani walete ofisini urefu na upana wa mapaa yao kabla ya tarehe 31 Agosti, pamoja na idadi ya watu wa nyumbani. Asiyekuwa na futi kamba aje ofisini asubuhi, aazimwe ile ya Chama kwa siku moja, airudishe jioni.